Sauti moja, masikio mengi: kuandika historia kwa pamoja Lubumbashi

Masomo yakianza, wanafunzi wanaoandaa memwari, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, hunijia na swali lile lile: "Prof, tutumie programu gani kufanya kazi pamoja?" Wanangoja jina moja waliandike. Nami huwauliza: mkibishana, ubishi wenu mtauweka wapi? Maana sisi tunaokusanya historia ya mdomo, kinachotugombanisha mara nyingi ni masikio.

Tuseme mzee mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, anasimulia mgomo wa Desemba 1941, askari walipowafyatulia risasi wafanyakazi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira. Anafika kwenye idadi ya waliokufa, anashusha sauti, na papo hapo pikipiki inapita nje. Wazee wetu wengi huhesabu kwa Kifaransa. Asistanti wa kwanza anaandika soixante (sitini), wa pili anaapa kwamba ni soixante-dix (sabini). Wakiwa ndani ya Google Docs, atakayeandika mwisho ndiye atakayeshinda, na msomaji wa kesho hatajua kwamba palikuwa na shaka. Tena shaka yenyewe ni nzito: kuhusu siku ile, hesabu ya serikali ya kikoloni na zile za simulizi hazipatani.

Kwa hiyo mahojiano tunayanakili, yaani tunaigeuza sauti kuwa maandishi, kwa ELAN, programu ya bure kutoka Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi. Sura yake ni ya kizamani, vijana huikunjia uso siku ya kwanza. Lakini unaweza kuweka safu nyingi za maandishi chini ya sauti moja, kila kipande kikiwa kimefungwa kwenye sekunde zake: safu ya asistanti wa kwanza, ya wa pili, ya tafsiri ya Kifaransa, na moja ya manung'uniko. Hakuna anayefuta neno la mwenzake. Anayetilia shaka anabonyeza kile kipande na kusikiliza mwenyewe.

Halafu kuna umeme unaokatika na mega zinazokwisha. ELAN haihitaji intaneti, na maandishi yake hukaa kwenye faili mbali na sauti. Saa moja ya sauti ya WAV, yaani isiyobanwa, chaneli moja, inakaribia MB 320; faili la maandishi yake hupita WhatsApp bila wewe kuhisi. Basi sauti tunagawana kwa flashi mara moja, kila mtu anakaa nazo kwenye kompyuta yake, na baada ya hapo kinachosafiri kati ya Lubumbashi, Likasi na mwenzetu aliye Bruxelles ni maandishi tu. Kuyaunganisha ni kazi ya mtu mmoja, kwa amri iliyomo ndani ya ELAN. Majina ya mafaili yanaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili yajipange yenyewe, mwishoni herufi za jina la aliyenakili. "Final", "final2" na "final_ya_kweli" hatutaki kuziona.

Na kwa kuwa nimetaja WhatsApp: picha za nyaraka zitumwe kama faili. Zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, maandishi ya taipu yanageuka ukungu, na taarifa ya siku zilipopigwa inapotea.

Kwa marejeo, Zotero, programu ya kutunza orodha ya vitabu na makala, inatosha. Sina mengi ya kusema. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na kikundi kizima hushiriki maktaba moja. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili ni MB 300, kwa hiyo mtandaoni tunaweka taarifa za vitabu tu, ambazo hazihesabiwi. PDF zinabaki kwenye flashi.

Tukifika kuandika makala yenyewe ndipo narudi Google Docs, na hapo nina ugomvi na kile kialama cha vema kando ya maoni. Ukikibonyeza, mjadala wote unaondoka machoni. Kwa mambo ya nukta na herufi, bonyeza tu. Kwa mambo ya hakika, kama nani alikuwepo, walikufa wangapi, ilikuwa kambi ipi, nimewakataza wenzangu. Mjadala wa namna hiyo unahamia kwenye tanbihi, pamoja na majina ya waliobishana na dakika ya sauti. Wahariri hulalamika kwamba tanbihi zetu ni ndefu. Walalamike. Pia kila toleo muhimu tunalipa jina, kwa sababu matoleo ya zamani Google huweza kuyaunganisha.

Anayedhani haya yaliletwa na kompyuta aitazame ile historia ya Élisabethville (ndilo jina la zamani la Lubumbashi) iliyoandikwa mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa, kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi, watumishi wa nyumbani, wa Wazungu. Maneno yake hayakutenganishwa kwa utaratibu mmoja, na kuyasoma kimya ni taabu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, alikuwa amemwomba mzungumzaji wa Kiswahili hicho aisome kwa sauti. Akaweka pamoja maandishi ya asili, usomaji ule, na tafsiri. Msomaji anaweza kumpinga Fabian kwa kutumia kitabu cha Fabian mwenyewe.

Ruhusa tunaiomba mara mbili: kabla ya kurekodi, na baada ya mzee kusikilizishwa tulichonakili. Mara nyingine anasema, "Ile ya jirani, muitoshe," yaani tuiondoe. Tunaikata kwenye nakala zote zinazozunguka, na sauti kamili inabaki kwenye diski isiyogusa intaneti, iliyo mikononi mwa mtu ambaye mzee mwenyewe amemkubali. Familia inapewa nakala ya MP3. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima ya mazungumzo haifiki MB 30, hata simu ya mjukuu iliyojaa nyimbo hupata nafasi.