Kafunga 12 kwenye timu iliyoshuka daraja. Haya, tuhesabu

Msimu wa Ligi Kuu ukiisha, vijiwe vya Kigoma kuanzia Mwanga mpaka Ujiji vinaimba wimbo mmoja: "Jamaa kafunga 12 kwenye timu mbovu, mpeleke Yanga uone, atafunga 30." Kijiweni nilivumilia. Siku hizi wanausema hata wanaosajili, kwa hiyo tuhesabu.

Ile "amefunga nusu ya mabao ya timu" iwekeni pembeni. Mwenye 12 kati ya 24 ana nusu, mwenye 15 kati ya 60 ana robo. Nusu ya yule wa kwanza inaeleza ubovu wa wenzake kuliko ubora wake.

Halafu toa penalti. Msimu wa 2004/05 wa Ligi Kuu ya England, Andy Johnson aliifungia Crystal Palace mabao 21 kati ya 41 ya timu, akazidiwa na Thierry Henry peke yake aliyekuwa na 25, na Palace ikashuka daraja. Kati ya hayo 21, penalti zilikuwa 11. Kumi yaliyobaki, kwa timu inayoshuka, ni kazi ya kuheshimika, ila si 21. Hapa na mimi nasitasita: penalti aliyoipata straika mwenyewe, kwa kumvamia beki hadi akaangushwa, niifute tu? Siifuti. Naiandika kwenye safu mbili, aliyeangushwa na aliyepiga. Klabu kubwa ina mpigaji wake na mgeni atakaa foleni, lakini mtu anayejua kuwalazimisha mabeki wamwangushe ndani ya 18, eneo la penalti, anahama na ujuzi wake.

Angalia pia mabao yamelalia wapi. Oleg Salenko aligawana kiatu cha dhahabu, tuzo ya mfungaji bora, cha Kombe la Dunia 1994 na Hristo Stoichkov, kila mmoja mabao 6, wakati Urusi haikuvuka hata makundi. Matano aliyafunga siku moja, Urusi ikiifunga Cameroon 6-1. Mtu wa namna hiyo usimweke mzani mmoja na aliyefunga moja moja katika mechi sita.

Sasa linalonichosha zaidi: eneo. Simba au Yanga ikija uwanja wetu wa Lake Tanganyika kutafuta pointi tatu, mabeki wake wanapanda hadi karibu na mstari wa kati, na nyuma yao kunabaki shamba la mita 40. Timu dhaifu inanyang'anya mpira karibu na lango lake, kiungo anaupiga mrefu, straika mwenye mbio anabaki na kipa. Anafunga, tunashangilia, na haki yake. Mpeleke kwenye klabu kubwa, kesho yake anakutana na timu iliyopaki basi: watu tisa ndani na kuzunguka 18, hakuna pa kukimbilia. Sasa anatakiwa kupokea mpira akiwa ameligeuzia lango mgongo, beki kambana, agonge pasi ya mguso mmoja, ageuke, aingie mbele ya beki kwenye krosi ya chini. Zile mbio zake hazijapungua, zimekosa njia. Miezi minne baadaye kijiwe kile kile kinasema "amelogwa" au "jezi imemzidi uzito".

Kwa hiyo ukiangalia mabao yake 12, kila moja liandikie haya: mpira uliporwa wapi, mabeki wangapi walikuwa kati yake na lango, aliugusa mara ngapi kabla ya kupiga, matokeo yalikuwaje dakika ile. Yaliyofungwa kwa mguso mmoja au miwili huku mabeki wanne au zaidi wamejaa mbele, hayo ndiyo ya kununua. Akiwa na matano ya hivyo kati ya 12, mimi naanza kusikiliza. Akiwa na moja, mnunue kama mtu wa kuingia dakika ya 70 mkiwa mnaongoza na mpinzani amefunguka, na bei iwe ya kazi hiyo. Ongeza mashuti: 12 kwa mashuti 45 na 12 kwa mashuti 110 si mtu mmoja, na kwenye timu mbovu kila mpira uliokufa, kama frikiki, unapigwa na yeye.

Kuna kipimo kingine ninachokitumia bila kukiamini sana. Futa bao moja moja, uone timu ingepoteza pointi ngapi. Bao la ushindi wa 1-0 lina pointi 2, la sare ya 1-1 lina pointi 1, la kufutia machozi kwenye 4-1 halina kitu. Ubaya wake, kinamwadhibu straika kwa makosa ya mabeki wake. Igor Protti alifunga 24 msimu wa 1995/96, akagawana ufungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia, na Giuseppe Signori, na timu yake Bari ikashuka. Kosa lake liko wapi hapo? Alipohamia Lazio hakuifikia idadi ile. Lakini Gabriel Batistuta alifunga 16 Fiorentina ikishuka 1993, akabaki nayo, na 1994/95 akawa mfungaji bora wa Serie A kwa mabao 26. Karatasi yangu isingewatenganisha hao wawili kwa uhakika, nakiri.

Makipa, haraka. Kipa wa timu inayofungwa anaokoa mengi kwa sababu anapigwa mengi. Gawanya alizookoa kwa mashuti yaliyolenga lango, kisha tenga yaliyopigwa kutoka nje ya 18. Anayesifiwa kwa kuokoa mara tisa kwenye mechi moja, mara nyingi sita zilikuwa mipira ya mbali iliyomfuata kifuani.