Krisanthemamu za chunguni: baridi inasingiziwa

Ikifika Septemba, maduka ya kaskazini mwa Marekani hupanga vyungu vya maua ya krisanthemamu mlangoni, njano, zambarau na rangi ya kutu, kando ya maboga. Wiki tatu baadaye nyingi zimeshakauka barazani, na kila mtu anailaumu baridi.

Inasingiziwa. Sakitu nyepesi, yaani umande ulioganda, haiiui krisanthemamu. Ya chunguni mara nyingi hufa kwa kiu. Imekuzwa kiangazi kizima kwenye chungu kidogo hadi mizizi imejaa tele, na udongo wake mwepesi ukishakauka hukataa maji. Ukimwagia juu, yanateremka kandokando na kutokea chini, nawe unadhani umenywesha. Kinyanyue chungu. Kikiwa chepesi kama kapu tupu, kiloweke kwenye beseni la maji kwa nusu saa, halafu kiache kichuruzike. Ile karatasi ya kumetameta waliyoivalisha dukani ivue, la sivyo mizizi itaoza ndani yake.

Wengine huchagua chungu kilichochanua chote. Chagua chenye matumba yanayoanza tu kuonyesha rangi. Kile kingine kimeshamaliza kazi yake.

Kisha huja mbolea, eti iongeze maua. Septemba haisaidii kitu, kwani matumba yalishatungwa, na kilichoyaleta ni giza. Krisanthemamu hupima urefu wa usiku: ukirefuka, inaanza kutunga maua. Ndiyo maana mashamba ya Kenya na Uganda yanayokuza vipandikizi vyake kwa soko la nje huwasha taa usiku. Karibu na Ikweta usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima, na bila taa mimea ingekimbilia kuchanua kabla haijatoa vipandikizi vya kutosha. Kwa sababu hiyohiyo, iliyopandwa chini ya taa ya barabarani inaweza kuchelewa kuchanua.

Kwamba ni ua la msimu mmoja, hiyo ni nusu kweli. Za ndani ya nyumba nyingi hazivumilii baridi kali, lakini za bustani hurudi mwaka hadi mwaka zikipata muda wa kushika ardhi. Ukiipanda mwisho wa Oktoba, udongo unaganda kabla mizizi haijatambaa. Ukiiacha chunguni nje, baridi inaipiga mizizi pande zote (hapo ndipo baridi ina hatia kweli). Ipande mapema Septemba, au maua yakinyauka ihamishie kwenye gereji isiyo na joto na uinyweshe kidogo mara mojamoja. Mashina makavu yaache hadi theluji iishe. Ikichipua, dokoa ncha zake mara kwa mara hadi mapema Julai. Usipodokoa itarefuka na kulala.

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wa nyumbani ni la mbu: je, haiwafukuzi, si ndugu ya pareto, ua la dawa ya wadudu? Ni ndugu kweli, na pareto ya Nakuru na Mufindi wanasayansi waliwahi kuiweka jenasi moja nayo, yaani kundi moja la mimea ya karibu. Ila sumu ya wadudu imo kwenye maua ya pareto. Hii ya mapambo haimtishi mbu. Geuza jani uone vidukari walivyojipanga. Anayeweza kudhurika ni paka au mbwa akiitafuna: atatapika na kutokwa mate. Mwenye paka akiweke chungu asikofika, kama kuna mahali paka hafiki.