Mgiriki, Myunani au Mrumi: kwa nini watu walewale wana majina matatu?

Kwenye habari za michezo utasikia Ugiriki. Ukifungua Biblia, Paulo anawaandikia Warumi kwamba Injili ni "kwa Myahudi kwanza, na kwa Myunani pia". Na katika Kurani, sura ya 30 inaitwa Ar-Rum, yaani Warumi. Hao si wa mji wa Roma. Ni dola iliyokuwa na makao yake Constantinople, Istanbul ya leo, na lugha yake kuu ilikuwa Kigiriki.

Kumbe wenyewe wanalo jina la nne. Nchi yao wanaiita Ellada, na wao ni Ellines.

Mgeni hukuita kwa jina la ndugu yako aliyekutana naye mwanzo. Kwenye mwaka 546 KK hivi, Waajemi waliiteka pwani ya magharibi ya nchi tunayoiita leo Uturuki. Wagiriki waliowakuta huko, katika miji kama Mileto na Efeso, walikuwa Waionia, tawi moja la Wagiriki. Basi kwa Waajemi kila Mgiriki akawa Yauna, hata wa ng'ambo ya bahari ambaye Uionia haumhusu kabisa. Jina hilohilo limo katika Mwanzo 10, ambako Yavani ni mwana wa Yafethi. Wahindi walisema Yavana, Waarabu wakasema Yunani, na sisi tukalichota kwa Waarabu.

Upande wa magharibi, Warumi waliwaita Graeci. Mwanafalsafa Aristotle anaandika kwamba Graikoi lilikuwa jina la zamani la watu wa karibu na Dodona, kaskazini-magharibi mwa nchi, upande unaotazamana na Italia. Kutoka kwa Warumi jina likaenea Ulaya nzima, na kwa njia hiyo tukampata Mgiriki.

Wenyewe nao walichelewa kuwa na jina moja. Homer, mshairi wao wa kale, anawaita Waakea, Waargo, Wadanai. Kwake Ellines ni kikundi kidogo tu cha Thesalia, watu wa shujaa Achilles. Kufikia karne ya 5 KK jina lilikuwa limewaenea wote, na mwanahistoria Herodotus anataja kilichowaunganisha: damu moja, lugha moja, mahekalu na kafara za pamoja, na desturi zinazofanana. Serikali moja haimo, maana haikuwapo. Athens na Sparta, wote Ellines, walipigana kuanzia 431 hadi 404 KK.

Halafu jina likaingia doa. Mwaka 212 BK Kaisari Caracalla aliwapa karibu watu huru wote wa dola yake uraia wa Kirumi, na mwaka 330 Constantine akazindua mji wake mkuu mpya, Constantinople. Ukristo ulipokwisha kushika mizizi, kumwita mtu Ellin ilikuwa kama kusema ni mpagani, mtu wa kumchinjia Zeus, mungu mkuu wa kale. Nani angelitaka jina hilo? Wakajiita Romaioi, Warumi, huku wakisema Kigiriki, kwa zaidi ya miaka elfu. Waturuki Waosmani walipouteka mji huo mwaka 1453, nao waliendelea kuwaita Rum.

Waliolifufua jina la Ellines kuwa jina la taifa ni wasomi na wapiganaji wa mapinduzi dhidi ya Waosmani yaliyoanza mwaka 1821, na dola mpya ikapewa jina hilo. Vijijini, hasa visiwa vilivyobaki chini ya Waosmani, jambo hilo halikufika haraka. Mwanahistoria Peter Charanis, mzaliwa wa kisiwa cha Lemnos, alisimulia jinsi wanajeshi wa Ugiriki walivyotua huko mwaka 1912. Watoto walikwenda mbio kuwashangaa.

"Mnatazama nini?" askari mmoja akawauliza.

"Tunawatazama Ellines."

"Kwani ninyi wenyewe si Ellines?"

"Hapana, sisi ni Warumi."

Na walimjibu kwa Kigiriki, bila shaka.

Katika Kituruki majina hayo mawili bado hayachanganywi. Mgiriki mwenyeji wa Istanbul, anayesali kwenye kanisa la Kiorthodoksi la hapohapo mjini, anaitwa Rum. Wa Athens anaitwa Yunan, hata wakiwa mtu na binamu yake.