Kisasili cha ulimwengu wa kampeni: maana yake na namna ya kukitunga

Katika michezo ya kuigiza wahusika, ile inayochezwa mezani kwa kete, karatasi na maneno, kampeni ni mfululizo wa vikao vinavyowafuata wahusika walewale katika ulimwengu uleule. Kisasili cha kampeni ni masimulizi yanayoeleza ulimwengu huo ulivyoanza: nani aliuumba na kwa kitu gani, kifo kiliingiaje, uchawi huchotwa wapi. Aliyesoma fasihi simulizi analijua neno hili, na maana yake ni ileile. Tofauti ni kwamba kisasili cha jamii hurithiwa, na cha kampeni hutungwa na mwongozaji wa mchezo kwa ajili ya watu wanne au watano watakaokitumia wiki ijayo.

Tukitenganishe na ndugu zake wawili, kwa sababu wengi huketi kutunga kisasili wakainuka na kitu kingine. Orodha ya wafalme, vita na miji iliyoanguka ni visakale. Hadithi fupi ya kwa nini pango fulani hupiga mluzi usiku ni usuli. Vyote vina nafasi yake, ila kisasili ndicho chemchemi yao: kikishasimama, visakale na usuli hutiririka vyenyewe.

Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, ilipotoka mwaka 1974 ikiwa vijitabu vitatu, haikuleta ulimwengu uliokamilika; mwongozaji aliachiwa autunge mwenyewe. Uhuru huo ungalipo, na ndio uliozaa kosa la kwanza: kurasa ishirini za miungu na enzi ambazo hakuna mchezaji anayezisoma. Maneno 150 hadi 200 yanatosha. Ubora wa kisasili hupimwa kwa swali moja: kimeacha nini ambacho mhusika anaweza kukigusa leo?

Tazama visasili vya kweli vilivyo na nguvu. Katika simulizi la Babeli, Marduk anamuua Tiamat, anaupasua mwili wake na kufanya nusu yake kuwa mbingu. Kisha wanadamu wanaumbwa kwa damu ya mungu aliyeshindwa ili wabebe kazi za miungu. Sentensi hiyo ya mwisho peke yake ni kampeni nzima: watu walioumbwa wawe vibarua siku moja wanaweza kugoma. Wakiche wa Guatemala wanasimulia kwamba watu wa udongo walilainika wakabomoka, watu wa mti hawakuwa na moyo wa kuwakumbuka waumbaji wao wakaangamizwa, na ndipo watu wa mahindi wakafaa. Uumbaji ulioshindikana unampa mwongozaji magofu, viumbe vilivyosalia na hofu kwamba waliopo nao wanaweza kufutwa. Wazulu wanasimulia kinyonga aliyetumwa na habari ya uzima akakawia, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Hapo kifo kinatokana na ujumbe uliochelewa, na mchezaji makini atauliza mara moja: huyo kinyonga yuko wapi sasa?

Kinachofaa kuazimwa humo ni muundo. Majina na ibada za watu viache kwa wenyewe, hasa pale imani hiyo ingali hai. Kutoka katika muundo unapata chaguo la kwanza, yaani tendo lililoanzisha ulimwengu: kuua, kuzaa, kutenganisha, kujaribu na kushindwa, kuiba, kuahidi. Chagua moja tu. Ukichanganya matatu, wachezaji hawatakumbuka hata moja.

Tufanye mfano mzima. Methali isemayo nguo ya kuazima haisitiri matako inaweza kuzaa ulimwengu. Tendo letu liwe kuazima. Hapo mwanzo palikuwa na Bahari peke yake. Upepo ukachoka kuvuma pasipo mahali pa kutua, ukaiomba Bahari sakafu yake. Bahari ikaiinua, ikasema: chukua, nitaitaka. Hiyo ndiyo nchi kavu. Siku ya kurudisha haikutajwa.

Sasa kila dai litoe matokeo ya aina tatu: mahali, mwiko na ugomvi. Mahali: ukutani mwa genge lililo juu kabisa ya milima kuna mstari wa chumvi, alama ya maji yalipofika kabla ya mkopo, na chumvi yake ndiyo hutumika katika uchawi wa kufunga viapo. Mwiko: hakuna anayetaja siku ya kulipa deni akiwa ufukweni, kwa kuwa Bahari inasikiliza. Ugomvi: watu wa pwani wanalipa riba kwa kurudisha samaki wa kwanza wa kila mvuo, na watu wa milimani wanasema nchi ilitolewa zawadi, wala hawadaiwi. Ndani ya aya hii moja kuna safari ya kwenda kukwangua chumvi, kosa ambalo mhusika mgeni atalitenda bila kujua, na vita vinavyonukia. Uchawi nao umepata kanuni: kila kinachopatikana kwa uchawi ni cha kuazima, kwa hiyo kina wa kukidai. Mchezaji akiuliza kwa nini mwanga alioumba umezimika baada ya saa moja, jibu lipo tayari.

Angalia pia ugomvi ulivyotokea. Masimulizi ni mawili, na kila upande unayo sababu ya kuamini la kwake. Hili si pambo. Ulimwengu wenye simulizi moja ambalo kila mtu analikubali hauna kasisi mzushi, hauna kitabu kilichopigwa marufuku, hauna cha kuchunguza. Mwongozaji aandike matoleo mawili yanayosemwa na watu, na kando, kwa sentensi mbili au tatu, kilichotokea kweli. Inafaa ukweli huo usilingane kikamilifu na toleo lolote. Katika mfano wetu, huenda Upepo uliahidi kulipa kwa kitu kingine kabisa, na kitu hicho ni wanadamu.

Hesabu ya miaka ndiyo inayoangusha visasili vingi, na haipewi uzito wake. Chukua kizazi cha binadamu kuwa miaka 25. Tukio la miaka 3,000 iliyopita liko vizazi 120 nyuma. Hapo upotofu wa kumbukumbu unaaminika. Lakini ukiweka katika ulimwengu huohuo watu wa msituni wanaoishi miaka 750, miaka 3,000 ni maisha manne tu yakifuatana. Kati ya mzee wao na shahidi kuna watu wachache tu waliopokezana habari. Kwao hicho si kisasili tena, ni habari ya ukoo, na mchezaji mwenye mhusika wa kabila hilo ana haki ya kuuliza kwa nini hajui. Una njia mbili: sukuma mwanzo nyuma zaidi, au eleza kwa nini wazee hao hawasemi. Njia ya pili huzaa mchezo mzuri zaidi.

Kosa jingine ni kusema kabila fulani liliumbwa ovu. Ukishasema hivyo, umewanyima wachezaji uamuzi: hakuna wa kusikilizana naye, hakuna wa kusamehe, kimebaki kupiga tu. Afadhali kisasili kieleze kabila hilo linadai nini.

Wapo pia wanaofunga kila tundu. Wakati, mwezi, lugha, ndoto, vyote vina maelezo. Acha mambo mawili wazi kwa makusudi na uyaandike katika daftari lako kama maswali. Kifo na chanzo cha uchawi ndivyo visivyofaa kuachwa, kwa sababu wahusika watakufa na watatumia uchawi pengine katika kikao cha kwanza, na utalazimika kujibu hapohapo.

Katika kikao hicho cha kwanza usisome kisasili. Hata dakika tatu za kusomewa ni nyingi kwa mtu aliyekuja kucheza. Mwoneshe mvuvi akimrudisha samaki majini, kisha nyamaza. Mchezaji akiuliza, mvuvi ajibu kwa sentensi moja, kwa toleo la pwani. Toleo la milimani lisubiri mpaka wapande milima. Wakianza kukisia wenyewe, sikiliza na uandike. Kisichotamkwa mezani bado hakijawa kweli, na kisio la mchezaji likiwa bora kuliko ulichopanga, futa chako uweke lake.