Kwa nini draiva moja mbovu huiangusha kompyuta nzima?

Programu ya kuandikia ikikwama, unaifunga na kuifungua tena, na shughuli zinaendelea. Kivinjari nacho kikigoma hufa peke yake, na muziki uliokuwa ukipiga hausiti hata kidogo. Lakini ipo siku ambayo umeamsha tu laptopu iliyokuwa imelala, au umechomeka kifaa cha USB, na ghafla kila kitu kinakatika. Skrini inageuka buluu (katika matoleo ya karibuni ya Windows 11 ni nyeusi), yanatokea maneno ya herufi kubwa yasiyoeleweka, kisha kompyuta inajiwasha upya. Inakuwaje programu kubwa ife bila kumdhuru jirani, halafu kipande kidogo cha kuendesha kadi ya sauti kiondoke na kompyuta nzima?

Tofauti haiko katika ukubwa, iko katika mahali kila kimoja kinapokaa.

Draiva ni mkalimani. Mfumo endeshi (kama Windows au Linux) haujui undani wa kila kadi ya mtandao iliyowahi kutengenezwa duniani. Unajua kusema "peleka data hii", na draiva ndiyo inayoigeuza amri hiyo kuwa ishara ambazo kifaa kile kinazielewa. Ili kazi hiyo iende upesi, na ili ikiguse kifaa chenyewe moja kwa moja, draiva nyingi huruhusiwa kuingia ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo (kernel), ile sehemu inayotawala kumbukumbu na vifaa vyote.

Prosesa za kompyuta nyingi za mezani na za laptopu, zile za familia ya x86, zina ngazi 4 za mamlaka, kuanzia 0 hadi 3. Windows na Linux hutumia 2 tu kati ya hizo: ya 3 kwa programu za kawaida na ya 0 kwa kiini. Programu iliyo ngazi ya 3 hupewa eneo lake la kumbukumbu na kuzungushiwa ukuta. Ikijaribu kugusa anwani isiyo yake, prosesa inaikamata na mfumo unaifunga hapo hapo, bila jirani yeyote kujua. Ngazi ya 0 haina kuta hizo. Draiva ya kamera, draiva ya diski, na sehemu inayogawa zamu za kazi kwa prosesa, zote zinachangia eneo moja la kumbukumbu, na yoyote inaweza kuandika juu ya data ya mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Watu wengi hudhani skrini ile ni kompyuta iliyoshindwa. Ukweli ni kwamba kompyuta imesimama kwa hiari. Kiini kikigundua kwamba kitu fulani ndani yake kimegusa kumbukumbu isivyo halali, hakina njia ya kujua ni nini kingine kimeharibiwa. Pengine ni ukurasa (kipande kidogo cha kumbukumbu) ambao sekunde ijayo ungeandikwa kwenye diski, juu ya faili lako. Kuendelea kungeweza kumaanisha kuandika takataka mahali penye kazi yako ya miezi. Kwa hiyo kinasimamisha kila kitu, kinahifadhi picha ya kumbukumbu ilivyokuwa wakati ule, na kuanza upya. Mimi huiona skrini hiyo kama ulinzi, hata inaponikatisha kazi.

Chukua kosa maarufu kuliko mengi, DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Windows huipa kila kazi ya kiini kiwango cha uharaka. Kiwango kikifika 2 au zaidi, hakuna ruhusa ya kusubiri diski. Sasa, baadhi ya kurasa za kumbukumbu huweza kuhamishiwa kwenye diski nafasi inapobana. Draiva iliyoandikwa vibaya ikiwa katika kiwango hicho cha juu na ikagusa ukurasa uliokwisha kuhamishwa, mfumo hauwezi kuurudisha, na hapo ndipo unaposimama. Ukurasa ukiwa bado upo kwenye kumbukumbu, kosa lilelile linapita bila kuonekana. Ndiyo maana kompyuta inaweza kwenda wiki nzima salama, kisha ikaanguka siku uliyofungua programu nyingi kwa pamoja. Mtu anasema "inazima bila sababu", kumbe sababu imekuwapo siku zote.

Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho la data kwa programu yake ya Windows, ambayo draiva yake hufanya kazi ndani ya kiini. Draiva ilitarajiwa kusoma thamani ya 21 ilhali ilikuwa imepewa 20, ikasoma nje ya mpaka, na kompyuta zikaanguka. Kwa kuwa draiva hiyo hupakiwa mapema wakati wa kuwaka, kompyuta nyingi ziliwaka na kuanguka, zikawaka na kuanguka tena. Microsoft ilikadiria kuwa zilizoathirika zilikuwa milioni 8.5. Tiba ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali salama (Safe Mode), yaani kwa draiva za msingi tu, na kufuta faili lenye kasoro, na kwa nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Draiva yenyewe ilikuwa na sahihi ya kidijitali inayokubalika. Sahihi inathibitisha draiva imetoka kwa nani na kwamba haijachezewa njiani. Haithibitishi kwamba haina kosa.

Si kila draiva inayokosea huangusha kila kitu. Draiva za printa zimetolewa nje ya kiini cha Windows, ndiyo maana printa ikivurugika leo, kwa kawaida kinachokufa ni huduma ya uchapishaji tu. Kadi ya michoro nayo ilipewa nafasi ya kufufuka tangu Windows Vista: isipojibu kwa sekunde 2, Windows huianzisha upya draiva yake. Skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha inarudi. Ni pale ufufuo huo unaposhindikana ndipo unapoona VIDEO_TDR_FAILURE. Apple nayo, kuanzia macOS Catalina ya mwaka 2019, imekuwa ikiwasukuma watengenezaji kutoa draiva zao nje ya kiini.

Basi kompyuta yako imeanguka mara ya tatu wiki hii. Unaanzia wapi?

Piga picha ya skrini kwa simu, uyapate yale maneno ya herufi kubwa, pamoja na jina la faili linaloishia na .sys kama lipo. Lakini usimhukumu aliyetajwa papo hapo. Mara nyingi utaona ntoskrnl.exe, ambalo ni kiini chenyewe, na watu wengi wamewahi kufuta na kuweka upya Windows nzima kwa kudhani hilo ndilo bovu. Kumkuta mtu kando ya nyumba inayoungua si kumkuta na kiberiti mkononi. Draiva moja inaweza kuharibu kumbukumbu saa nne, na nyingine isiyo na hatia ikajikwaa hapo saa sita.

Swali lenye faida kuliko yote ni hili: nini kilibadilika kabla ya tatizo kuanza? Kumbukumbu yetu wanadamu haiaminiki katika jambo hili, na Windows inaitunza vizuri zaidi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, na utaona chati ya siku kwa siku ikionyesha kila kuanguka, kila sasisho na kila programu iliyowekwa. Ukiona draiva ya mtandao ilisasishwa Jumanne, na alama nyekundu zinaanza Jumatano, umeshapata mshukiwa wa kwanza.

Ushahidi wenyewe uko kwenye folda ya C:\Windows\Minidump. Kila kuanguka huacha faili humo, isipokuwa mpangilio huo uwe umebadilishwa. WinDbg, programu ya bure ya Microsoft, inayafungua; andika !analyze -v, kisha tafuta mstari wa IMAGE_NAME. Fungua mafaili kadhaa, si moja. Jina lilelile likijirudia katika yote, una kesi nzito dhidi ya draiva hiyo. Lakini kila faili likitaja jina tofauti na kosa tofauti, acha draiva kwanza ukapime kumbukumbu ya kompyuta, joto na umeme, kwa maana RAM mbovu huwasingizia wote.

Wakati wa tukio nao unasema mengi. Inayoanguka inapoamshwa kutoka usingizini, na kuonyesha DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, ina draiva ambayo haikumaliza kazi ilipoamriwa kulala au kuamka. Kadi ya mtandao, kadi ya michoro na vifaa vya USB ndivyo vya kukaguliwa kwanza. Inayoanguka katikati ya michezo ya video inaelekeza macho kwenye kadi ya michoro au joto lake.

Ukishampata mshukiwa, fungua Device Manager, bonyeza kifaa mara mbili, nenda kwenye kichupo cha Driver na uchague Roll Back Driver ili kurudisha toleo la zamani. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna toleo la zamani lililohifadhiwa. Basi pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kifaa. Nakusihi uziepuke zile programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Unakuwa na draiva moja yenye kosa, zinabadilisha kumi, na hutajua tena ipi ilifanya nini. Badilisha kitu kimoja, kisha subiri.

Kompyuta isipowaka vizuri, shikilia Shift huku ukichagua Restart kwenye skrini ya kuingilia, na ufuate njia ya kufika hali salama, ambako Windows hupakia draiva za msingi tu. Ikitulia huko, lawama zinaelekea kwa zile zilizoongezwa.

Kuna zana nyingine, Driver Verifier, iliyomo ndani ya Windows tangu Windows 2000. Inazibana draiva unazozichagua hadi iliyo mbovu ijifichue, na hujifichua kwa kuiangusha kompyuta papo hapo. Chagua zisizo za Microsoft tu, hifadhi kazi zako, na ujue mapema njia ya kutoka: hali salama, kisha verifier /reset. Ni ya kesi zilizoshindikana, si ya kuanzia.

Kwa wa Linux, journalctl -k -b -1 huonyesha kiini kilisema nini kabla kompyuta haijawashwa upya, endapo rekodi hizo zinahifadhiwa kwenye diski, na menyu ya kuwashia mara nyingi hukuruhusu kuchagua kiini cha zamani ili kulinganisha.

Baada ya matengenezo, hesabu siku. Kompyuta iliyokuwa ikianguka kila saa utajua hali yake kabla ya jua kuzama. Iliyokuwa ikianguka mara moja kwa wiki, siku mbili za utulivu hazijathibitisha chochote. Ipe wiki tatu za kazi zilezile, na programu zilezile zikiwa wazi, ndipo useme imepona.