Pienza na udongo wake: namna ya kuutembelea mji mdogo wa Toscana, Italia

Wageni wengi hufika Pienza saa nne asubuhi, hupiga picha uwanjani, hununua kipande cha jibini na kuondoka kabla ya adhuhuri. Wanaukosa mji. Pienza haieleweki bila bonde lililo chini yake, Val d'Orcia, kwa sababu nchi yote hii imekalia udongo wa mfinyanzi ambao zamani sana ulikuwa chini ya bahari. Udongo huo ndio uliofanya vilima viwe laini vile, na ndio unaolivuta kanisa kuu la mji kuelekea bondeni.

Nashauri uanzie kanisani. Hapa palikuwa kijiji cha Corsignano, alikozaliwa Enea Silvio Piccolomini mwaka 1405. Alipokuwa Papa Pio II aliamua kukijenga upya, kazi akampa mbunifu wa majengo Bernardo Rossellino, na kati ya 1459 na 1462 vikasimama uwanja, kanisa na jumba la ukoo wake. Jina Pienza limetokana na jina lake la upapa. Papa alitaka kanisa lijae mwanga. Kwa hiyo fundi aliuelekeza upande wa madhabahu kusini, kwenye ukingo wa mteremko, akatoboa madirisha marefu. Mwanga ukapatikana, lakini ardhi ya upande ule haikuwa na nguvu ya kubeba uzito, na ufa ulionekana tangu enzi za Papa mwenyewe. Ingia, tembea polepole kuelekea madhabahuni, na utahisi sakafu ikishuka chini ya miguu. Kisha tafuta nyufa kwenye kuta za nyuma. Kuta ni nyeupe kwa amri: hati ya Papa ya Septemba 1462 ilikataza kuzichora au kubadilisha umbo la kanisa. Vaa nguo inayofunika mabega, na usifike mchana, maana makanisa mengi ya Italia hufungwa saa hizo.

Ukitoka, simama katikati ya uwanja. Majumba ya pembeni hayako sambamba, yanaachana kadiri yanavyolikaribia kanisa, na kila upande wa kanisa pamebaki mwanya unaoonyesha bonde. Huo ndio ustadi ninaouheshimu kuliko vyote hapa: uwanja ni mdogo, lakini mashamba yameingizwa ndani yake. Jumba la Piccolomini nalo lina baraza za ghorofa tatu zinazotazama Monte Amiata, mlima wa mita 1,738.

Kwa miguu, kama dakika kumi kwenda chini, ipo Pieve di Corsignano, kanisa la kale lenye mnara wa mviringo, ambako Papa huyo alibatizwa. Mlangoni tazama juu: kuna nguva wa jiwe mwenye mikia miwili, ameishika yote kwa mikono. Watu wachache hushuka huko.

Kuhusu mashamba, chagua mwezi kwanza. Aprili na Mei ngano ni kijani. Julai imevunwa, vilima ni vya manjano na jua ni kali. Njiani hakuna kivuli, beba lita mbili za maji kwa kila mtu. Baada ya mvua usikatize shambani hata kidogo. Udongo huu ukilowa hung'ang'ania soli mpaka kiatu kiwe kizito kama tofali, na mtelezo wake huangusha. Fuata barabara za changarawe nyeupe. Kutoka Pienza hadi San Quirico d'Orcia kupitia kikanisa cha Vitaleta, tenga saa tatu hadi nne kwa mwendo wa kutazama. Ukiwa na siku ya ziada nenda Bagno Vignoni, ambako uwanja wa kijiji ni bwawa la maji ya moto. Kuogelea humo ni marufuku, lakini maji hutiririka hadi kwenye vinu vya kale chini ya kijiji, na huko unaweza kuloweka miguu.

Kwa treni, shuka Chiusi-Chianciano Terme, kisha upande basi kupitia Montepulciano. Kutoka Siena pia kuna basi, ila Jumapili usilitegemee. Tiketi ya treni ya karatasi igonge mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Ukikodi gari na leseni yako ni ya Kenya au Tanzania, beba pia kibali cha kimataifa cha udereva, na kumbuka kule hupita kulia. Mistari myeupe ya maegesho ni bure, ya buluu hulipiwa, ya njano si yako. Kosa la kawaida ni kuingia mji wa kale penye bango la "Zona Traffico Limitato", yaani eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi: kamera hupiga picha namba ya gari, na faini inaweza kukufikia miezi baadaye, na kampuni ya gari ikaongeza ada yake.

Chakula cha mchana hutolewa takriban kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu. Ukichelewa utakuta jiko limezimwa. Agiza pici, tambi nene za unga na maji zinazosokotwa kwa mkono, kwa mchuzi wa aglione, yaani nyanya na kitunguu saumu kikubwa cha maeneo hayo. Mchuzi huo hauna nyama, ilhali ragù, mchuzi wa nyama ya kusaga, mara nyingi huwa na nguruwe.

Jibini la pecorino, la maziwa ya kondoo, usilinunue bila kuonja, sema "Posso assaggiare?", yaani "Naweza kuonja?" Lililo changa ni laini na tamu, lililokomaa miezi kadhaa ni gumu na linauma ulimi kidogo. Jibini la jadi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumboni mwa mwanakondoo, kwa hiyo anayefuata halali aulizie "caglio vegetale", kigandishi cha mimea. Kwa safari ndefu chukua lililokomaa, lifungwe "sottovuoto", yaani ndani ya plastiki iliyoondolewa hewa. Changa hutoa jasho ndani ya plastiki, na likifika nyumbani limeshachacha.