Kabla ya kununua rauta, angalia intaneti inaingiaje nyumbani

Rauta inaweza kuwa mpya, ghali na yenye antena sita, na bado isikupe intaneti kwa sababu tundu lake halilingani na huduma uliyolipia. Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza ni intaneti yako inapita wapi: faiba, laini ya simu ya 4G au 5G, au ule waya wa shaba wa simu ya mezani.

Waya wa faiba hauchomekwi kwenye rauta ya kawaida. Unaishia kwenye kiboksi kinachoitwa ONT, na kutoka hapo kebo ya mtandao inakwenda kwenye tundu la WAN la rauta, yaani lile la kupokea intaneti. Ukiichomeka kwenye LAN, yaani matundu ya kuitoa kwenda kwenye vifaa vyako, Wi-Fi itaonekana kwenye simu lakini kurasa hazitafunguka. Soma pia kasi ya tundu hilo: likiandikwa 10/100, halipitishi zaidi ya Mbps 94 hivi, hata ukilipia kifurushi cha 200. Hapo unahitaji tundu la gigabiti (Mbps 1000) na kebo ya Cat5e au zaidi. Mwombe mtoa huduma jina na nywila ya PPPoE (ya kuingilia kwenye mtandao wake), na namba ya VLAN (ya kutenga njia ya huduma yako), kama anavitumia. Akivitumia, bila hivyo rauta ngeni haitaunganishwa.

ONT nyingi zina rauta ndani yake. Ukiongeza ya pili na zote zikatumia anwani 192.168.1.1, zitagongana. Ibadili mpya iwe 192.168.2.1, au iweke kwenye hali ya "access point" ili isambaze Wi-Fi tu.

Kwa rauta ya laini, tatizo kubwa ni bendi, yaani masafa ya mawimbi ambayo rauta inaweza kuyapokea. Huku kwetu 4G hutumia sana bendi 3 (megahezi 1800) na bendi 20 (megahezi 800), na hii ya 800 ndiyo hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Rauta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi haina bendi 20, kwa hiyo ndugu akikutumia moja kutoka huko, mwombe kwanza picha ya orodha ya bendi zake. Nyingine zimefungwa kwa mtandao mmoja. Laini ya kampuni nyingine haisomi.

Waya wa shaba unahitaji rauta yenye modemu ya ADSL au VDSL, yenye tundu dogo la RJ11.

Kama bajeti inaruhusu, tunashauri rauta yenye WAN na sehemu ya laini pamoja, inayohamia yenyewe kwenye laini faiba inapokatika. Umeme ukiwa wa kukatika, itafutie UPS ndogo (betri ya akiba) yenye volti zilezile za adapta, kwa kawaida 12, na ampea zisizopungua zake. Ukiwa dukani, weka laini yako ndani, iwashe, ufungue ukurasa mmoja kabla ya kutoa hela.